Nyumba Inayongoja Lori

Jumatatu, 10 Februari

Stima imepotea asubuhi nzima. Ikarudi baada ya chakula cha mchana, nikamalizia kibanda cha yule mama wa Kehancha anayetuma na kutoa pesa. Fremu imekaa sawa. Mlango unafunga bila kulalamika. Mwisho nikachomelea pete nne kwenye pembe za juu, za kupitishia mnyororo wakati wa kukinyanyua.

Hapa Migori kibanda bila pete hakuna mtu wa kukichukua. Leo kiko kando ya barabara, kesho askari wa kaunti wanasema toa. Kama hakina pete, wanakivunja palepale. Kama kinazo, unaita lori, unahama nacho, unaanza kuuza upande wa pili. Nimeviunda tangu nikiwa kijana. Siku hizi hata sifikirii, mkono unaenda wenyewe.

Jioni mke wangu Boke, muuguzi, amepigiwa simu na hospitali ya kule Ayalandi. Karatasi zote zimepita, zake, zangu na za mtoto wetu Odhiambo. Tunasafiri mwanzoni mwa mwezi ujao. Akacheka, akalia, akacheka tena. Mimi nikasema vizuri sana, kisha nikarudi karakana kufagia. Kulikuwa kumeshafagiwa.

Naogopa. Basi, nimeandika.

Jumatano, 12 Februari

Muuguzi mwenzake Boke aliyetangulia ametuma picha ya nyumba tutakayopanga. Nyuma kuna kibanda cha mbao cha kuwekea mashine ya kukata nyasi. Kidogo kama choo cha shule. Mwenye nyumba amekubali nikitumie kwa kazi za mikono, mradi nisipige kelele.

Nisipige kelele! Mimi, ambaye mtaa mzima unajua nimeamka kwa kusikia nyundo.

Boke anasema nitakuwa na karakana yangu ya kujifurahisha. Amesema vizuri, kwa moyo mweupe, na mimi nikakasirika siku nzima. Chuma kimetulisha. Kimelipa chuo chake na sare za mtoto. Sasa kiwe kitu cha Jumamosi, kama watu wanaofuga samaki kwenye chupa. Nikamwambia hivyo. Akanijibu kwa Kikuria. Yeye Mkuria, mimi Mjaluo, siku zote tunagombana kwa Kiswahili. Akiingia Kikuria najua nimezidisha.

Ijumaa, 14 Februari

Salim amekuja. Ndiye mwenye hadwea karibu na stendi, mtu wa pwani, tumeuziana vyuma miaka mingi. Anachukua karakana yote kama ilivyo. Mashine ya kuchomelea, grinda kubwa na ndogo, ya kutoboa, meza, mpaka ubao wa jina.

"Fundi, wenda kuchomelea barafu huko?" ananiuliza. Wafanyakazi wangu wakacheka. Mimi pia nikacheka. Moyoni sikucheka.

Tumekubaliana anipe siku chache nimalize kazi za watu. Nimebakiza vinavyoingia kwenye sanduku la nguo. Nyundo mbili, koleo, tindo, tupa, jiliwa ndogo ya kubania, msumeno wa chuma wa mkono na nyembe zake. Nimevipanga juu ya gunia. Hivi ndivyo nilivyoanza navyo nikiwa mwanafunzi wa ufundi. Nimezunguka miaka yote hii nikarudi palepale. Aibu imenishika.

Jumapili, 16 Februari

Nimeenda nyumbani, ng'ambo ya Rodi Kopany, kumwambia Baba. Nilimkuta anapukuchua mahindi. Nikaeleza. Ayalandi, hospitali, mkataba wa Boke, yote. Akaendelea kupukuchua. Nikafikiri hajasikia.

Kisha akauliza swali moja. "Ukirudi ndani ya sanduku, gari litasimama mbele ya nyumba gani?"

Jeneza, alimaanisha. Ninalo simba tu pale, kijumba nilichojenga ndani ya boma lake ndevu zikianza kuota. Sijawahi kutoka kuanzisha boma langu. Nilikuwa Migori, napanga vyumba, nasema mwaka ujao. Na mimi ni kifungua mimba. Kwetu mdogo hatoki kabla ya mkubwa. Ouma, mdogo wangu, ana mke na watoto watatu na bado wamebanana ndani ya simba lake kwa sababu yangu. Shamba lake analiona kila siku mbele ya macho, hawezi kuchimba hata shimo la nguzo.

Ouma alinisindikiza mpaka barabarani. Hakulaumu. Aliniuliza tu kama kule kuna baridi. Ingekuwa afadhali angenitukana.

Jumanne, 18 Februari

Sijalala vizuri. Nikienda bila kutoka, Ouma anabaki amefungwa mpaka siku nitakayorudi. Mkataba ni wa miaka. Watoto wake watakuwa na ndevu.

Nimempigia Baba. Nimesema nitajenga kabla sijaondoka. Akasema desturi unaijua. Naijua. Nyumba inaanza asubuhi na inaisha siku hiyohiyo, na jioni mwenyewe anaingia na mke wake na moto wake. Ikishindikana mpaka jua kuzama, siku hiyo imeharibika. Si jambo la kujaribu tena kesho yake kama mtihani wa gari. Na mimi nina Jumamosi mbili tu zilizobaki, na hii ya kwanza hainitoshi kujiandaa.

Boke nilidhani atakataa. Akasema tu, "Baba Odhi, hiyo ungefanya kitambo." Basi.

Jumamosi, 22 Februari

Nimepata njia. Nitaunda kuta nne na paa hapa karakana, vipande vipande, za vyuma vya pembe. Tutavibeba kwa lori la Salim, tufunge kwa bolti palepale kiwanjani na kupigilia mabati. Nguzo zinaingia ardhini na zege juu. Baba amekubali alipohakikisha kwamba zinaingia ardhini. Aliuliza mara mbili.

Hii ndiyo kazi yangu ya mwisho kwa mashine zangu. Nimefurahi kama mtoto.

Alhamisi, 27 Februari

Nimefanya kazi kama mtu aliyefukuzwa. Watu bado wanaleta mageti yao, wengine wametoka kisiwani Takawiri na vyuma vya kushikia injini ya boti. Nikawaambia mimi ninaondoka. Wanasema sawa Fundi, lakini hii ndogo tu.

Nyumba imeisha jioni. Kuta, paa, mlango, madirisha mawili. Nguzo za pembeni nilizimalizia haraka, stima ilikuwa inapepesa. Nikazipaka rangi nyekundu, nikafunika kila kitu kwa turubai kisinyeshewe.

Nimezima mashine mwenyewe. Nikaweka mkono juu yake mpaka ikapoa. Nimelia kidogo, kwa siri, nikisingizia moshi.

Ijumaa, 28 Februari

Salim amechukua vyake na kufunga kufuli lake. Karakana si yangu tena. Tumepakia vyuma, masanduku ya safari, kitanda na godoro. Tunatoka nyumbani kwa Baba moja kwa moja mpaka Kisumu kupanda ndege, haturudi Migori. Sanduku langu limezidi uzito. Boke alitaka nitoe jiliwa. Nikatoa sweta.

Jumamosi, 1 Machi

Naandika nikiwa nimekaa mlangoni kwangu. Bega linauma, mwandiko ni mbaya. Wacha niandike kwa mpangilio.

Alfajiri tulitoka bomani kwa Baba. Yeye mbele. Mimi na shoka. Odhiambo na jogoo, anamkumbatia kama mpira. Boke na moto ndani ya kigae cha chungu kilichovunjika. Ouma na watu wa ukoo nyuma. Baba akafika kwenye kiwanja, akachomeka kijiti, akasema hapa. 

Kazi ilienda vizuri mpaka nikaogopa. Mashimo, nguzo, zege. Kuta zikasimama. Bolti zikaingia zote, hata moja haikukataa. Watu wakasema fundi ni fundi. Mabati ya ukutani, kisha paa. Saa ya chakula nyumba ilikuwa imesimama na mimi nimesimama mbele yake nimevimba kifua.

Hapo ndipo shangazi mmoja akauliza zile ni za nini. Akaonyesha juu.

Pete. Pete nne. Kila pembe yake.

Nilizichomelea Alhamisi, kwenye haraka ile, na sikumbuki hata moja. Nikapaka rangi juu yake na sikuziona. Nimejijengea nyumba ya maisha yangu na kuiwekea pete za kunyanyulia na lori.

Ouma alicheka kwanza. Watu wote wakacheka, mimi pia. Kibanda cha kuuza vocha, wakasema. Nitanunua salio dirishani. Kisha tukamtazama Baba, kicheko kikakauka.

Akazunguka nyumba polepole. Akatazama kila pete. Akasema, "Hii nyumba inangoja lori."

Nikaeleza kwamba ni mazoea tu. Akasema ndiyo, ameona ni mazoea. Akasema yeye hamwingizi mwanawe na moto kwenye nyumba iliyo tayari kuondoka. Akaenda kukaa kwenye debe chini ya kivuli cha ukuta, mgongo kwetu. Hakuwa na hasira. Hicho ndicho kilichonivunja. Alikuwa kama mtu aliyepata habari aliyokuwa akiitarajia.

Nikapanda na nyundo kubwa. Nikapiga pete ya kwanza nikidhani itang'oka. Wapi! Niliichomelea vizuri mno. Kila nikipiga nguzo inalia na nyumba nzima inatikisika, zege bado bichi. Ouma akapiga kelele niache, nitaing'oa nyumba yenyewe. Nikashuka nikijitukana. Grinda ingemaliza kazi hiyo kabla chai haijachemka, lakini grinda iko Migori nyuma ya kufuli la Salim, na kiwanjani hakuna waya wa stima wala dalili yake. Jua nalo limeshaanza kuinama.

Boke ndiye aliyefungua sanduku. Akatoa nguo zote za safari akazitupa juu ya nyasi, akafika chini kabisa, akanipa msumeno wa mkono na pakiti ya nyembe.  Akarudi kwa moto wake akauongezea magunzi ya mahindi, maana ukizimika hapo nje napo ni balaa nyingine.

Nikakata. Kila pete ina miguu miwili, nondo nene. Nilikuwa nimesahau mkono unavyokata. Huwezi kuulazimisha. Ukikazana, wembe unavunjika. Nilivunja wa kwanza kwa hasira na wa pili kwa haraka. Ouma akashika zamu akavunja wa tatu. Nikamnyang'anya. Nikavuta pumzi, nikakata taratibu kama nilivyofundishwa, msukumo mrefu, urudi mwepesi. Pete ya kwanza ikaanguka. Ya pili. Ya tatu ilichukua muda, jasho likaniingia machoni, bega likawa la mtu mwingine.

Kwenye ya nne nilibaki na wembe wa mwisho, na pete yenyewe ilikuwa inatikisika. Mguu mmoja ukishakatika pete inacheza, wembe unaruka. Ukaruka mara mbili. Mara ya tatu ukakatika katikati. Nikabaki na nusu. Nikafunga kitambaa upande mmoja nikaushika kwa vidole kama mwizi. Jua likawa kwenye miti.

Nikasikia debe linaburutwa. Baba. Akalipanda, mtu wa umri wake, Ouma akimshika kiuno. Akanyoosha mikono miwili akaibana pete isicheze. Vidole vyake viko hapa, wembe wangu uko hapa. Nikamwambia atoe, nitamkata. Akasema, "Wewe kata."

Nikakata. Nilikuwa nasikia anavyopumua. Tangu niwe mtu mzima hatujawahi kusimama karibu hivyo, na sijui kama tutasimama tena. Nilitaka kusema samahani kwa miaka yote niliyosema mwaka ujao. Nilikata tu. Nadhani alisikia.

Ikaachia na jua bado lipo, jekundu, nusu yake. Baba akateremka na pete mkononi. Ilikuwa ya moto, aliihamisha huku na huku kama kiazi. Akamwita Boke alete moto. Boke akaingia. Mimi nikaingia. Odhiambo akamwachilia jogoo ndani, jogoo akakimbilia uvunguni mwa kitanda na kugoma kutoka. Wanawake wakapiga vigelegele.

Ouma amekaa nje peke yake sasa, anatazama upande wa shamba lake. Namwona kutoka hapa. Anapima kwa macho.

Jumapili, 2 Machi

Mwili wote unauma. Nimelala kwangu.

Nilikwenda kumshukuru Baba. Tukanywa chai. Zile pete tatu amezitupa kwenye zege la kizingiti kabla halijakauka, zimezama humo. Ya nne akaitoa mfukoni akaniwekea kiganjani, akakifunga kiganja changu kwa mkono wake. Sikuelewa.  Tukaongea habari za ng'ombe.

Jumanne, 4 Machi

Uwanja wa ndege. Askari kwenye mashine ya kukagua akaitoa pete kwenye begi langu la mkononi. Akaigeuza. Akauliza ni ya nini. Nikasema ya nyumba. Akaniangalia, akamwita mwenzake, wakaigeuza wote wawili, wakanirudishia.

Boke amelala begani kwangu. Mama Odhi wangu. Ananuka moshi wa magunzi bado, na shampuu.

Jumapili, 23 Machi

Baridi. Kila mtu anasema leo kuna joto. Nimepata kazi ya kupanga maboksi kwenye bohari kubwa. Wananiita kwa jina langu la kanisani, silitambui, wanaita mara tatu. Hakuna anayejua naweza kutengeneza nini. Nilikasirika wiki ya kwanza. Sasa nimechoka tu.

Kibanda cha nyuma sijakifungua.

Jumamosi, 10 Mei

Mvua ya hapa haina haraka. Inanyesha kama inafikiria jambo lingine.

Ouma alipiga simu jana. Ametoka. Jumamosi iliyopita, na shoka lake, jogoo wake, moto wake. Baba alitangulia mbele vilevile. Nyumba ya udongo, imeisha kabla ya jioni. Watoto wanalala wamejinyoosha. Alikuwa anaongea haraka, anarudia maneno. Nilifurahi mpaka nikakaa chini kwenye ngazi.

Anasema Baba kila jioni anapita kwangu, anafungua mlango, anakaa kidogo, anafunga.

Leo asubuhi nikafungua kibanda cha nyuma. Nimefunga jiliwa kwenye ubao. Nimetundika nyundo, koleo, tupa, na msumeno ule. Nimenunua nyembe mpya. Vyote vimejaa ukuta mmoja na nafasi imebaki. Nikakata kipande cha chuma bila sababu, taratibu, msukumo mrefu, urudi mwepesi. Hakuna kelele. Jirani alikuwa anamwagilia maua ng'ambo ya ua na hakugeuka hata kichwa. Nimefurahi. Sikutegemea.

Kisha nikatoa pete kwenye mfuko wa koti. Imekaa humo tangu Kisumu, kila siku naishika. Nikachukua bisibisi na kipande cha bati, nikapanda kiti, nikaifunga pembeni juu, kwenye nguzo ya kibanda. Boke akafungua dirisha la jikoni akauliza nafunga nini huko juu kwenye mvua. Nikasema pete ya kunyanyulia. Akasema kibanda ni cha mwenye nyumba, nataka kukipeleka wapi. Kisha akasema, kumbe sasa hiki ndicho kinachongoja lori. Akatoka na kandambili akaja kusimama na mimi chini ya pete.

Jioni nikampigia Baba nikamwambia nilipoiweka.  Akacheka, kicheko chote, mpaka akakohoa. Akasema nyumba yangu haijasogea, ameiangalia leo.

Nimefunga kibanda. Tunakula viazi.